Dawa Ipo, Ila Haipo Hapa: Hesabu ya Usafirishaji na Haki ya Mgonjwa wa Mbali

Kauli "dawa hakuna" hubeba maana mbili zinazotofautiana, ingawa hutamkwa kwa maneno yale yale mbele ya dirisha la dawa. Maana ya kwanza ni kwamba dawa haikununuliwa, au haijaingia nchini. Maana ya pili ni kwamba dawa imenunuliwa na imeingia, imo katika bohari ya kanda au katika stoo ya zahanati jirani, lakini haipo mahali aliposimama mgonjwa. Kwa mgonjwa, maana zote mbili huishia jambo moja: hupewa karatasi akatafute katika duka la dawa muhimu, na akikosa fedha hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa anayetafuta tiba ya tatizo, hata hivyo, tofauti yake ni kama ile ya malaria na homa ya matumbo. Zote huleta homa, lakini atakayezitibu kwa dawa moja atakosea.

Upungufu wa aina ya kwanza hutibiwa kwa bajeti na kwa ununuzi. Upungufu wa aina ya pili hutibiwa kwa mpangilio: ni kiasi gani kitoke wapi, kiende wapi, kwa njia ipi na lini. Kwa swali hilo ipo hesabu iliyokamilika tangu katikati ya karne iliyopita. Hoja ya makala haya ni kwamba hesabu hiyo inastahili kutumika waziwazi katika ugavi wa dawa, vitendanishi na damu, na kwamba haistahili kuachwa mikononi mwa wapanga magari peke yao. Ndani yake umo uamuzi wa nani apate na nani akose, na uamuzi wa namna hiyo ni wa kitabibu na wa kimaadili kabla haujawa wa mafuta na matairi.

Asili ya hesabu yenyewe

Mwaka 1781 mwanahisabati Mfaransa Gaspard Monge aliuliza swali la wajenzi wa ngome: udongo uliochimbwa sehemu kadhaa uhamishiwe vipi kwenye sehemu zinazohitaji kujazwa, ili jumla ya kazi ya kuubeba iwe ndogo kuliko njia nyingine yoyote? Swali hilo lilisubiri muda mrefu. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich wa Urusi ya Kisovieti alichapisha mbinu za kupanga uzalishaji viwandani ambazo ndizo msingi wa kile kiitwacho leo programu ya mstari, yaani namna ya kutafuta jibu bora pale ambapo lengo na masharti yote huandikwa kwa milinganyo ya daraja la kwanza. Mwaka 1941 Mmarekani Frank Hitchcock aliliandika tatizo la usafirishaji kwa sura inayofundishwa hadi leo: vyanzo kadhaa vyenye akiba, vituo kadhaa vyenye mahitaji, na gharama ya kupeleka kitu kimoja kutoka kila chanzo hadi kila kituo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Tjalling Koopmans alilikuta tatizo hilo hilo alipokuwa Washington akishughulikia mipango ya meli za mizigo za mataifa washirika. Kantorovich na Koopmans walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 1975.

George Dantzig ndiye aliyeipa programu ya mstari njia ya jumla ya kulipata jibu, mwaka 1947, na baadaye akaonyesha jinsi njia hiyo inavyorahisika katika tatizo la usafirishaji. Mwaka 1956 Alex Orden aliongeza hatua iliyokuwa imebaki: mzigo usilazimike kwenda moja kwa moja kutoka chanzo hadi mwisho wa safari, bali uweze kushushwa katika kituo cha kati na kupakiwa upya kuelekea kwingine. Hilo ndilo tatizo la usafirishaji wa kupitia vituo vya kati.

Yeyote anayefahamu safari ya dawa nchini Tanzania ataitambua picha hiyo mara moja. Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 13 ya mwaka 1993, ina makao yake makuu Keko, Dar es Salaam, na bohari za kanda katika miji kama Mwanza, Tabora, Mbeya, Mtwara, Dodoma na Moshi. Shehena hushuka bandarini au kiwanja cha ndege, hupita katika bohari kuu, huhamia kanda, kisha hufika hospitali, vituo vya afya na zahanati. Kila ngazi kati ya bandari na zahanati ni kituo cha kati kwa maana ile ile aliyoiandika Orden.

Mfano unaohesabika kwa kalamu

Hesabu hii huogopwa kwa jina lake, ilhali mfano mdogo unatosha kuionyesha. Zichukuliwe bohari mbili za kubuni, ya Kwanza na ya Pili, kila moja ikiwa na makasha 50 ya dawa. Zichukuliwe na hospitali tatu za kubuni: Bondeni inahitaji makasha 40, Mlimani 30, na Kisiwani 30. Kupeleka kasha moja kutoka bohari ya Kwanza hugharimu shilingi 3,000 hadi Bondeni, 6,000 hadi Mlimani na 15,000 hadi Kisiwani. Kutoka bohari ya Pili ni shilingi 2,000 hadi Bondeni, 4,000 hadi Mlimani na 8,000 hadi Kisiwani, kwa kuwa bohari hiyo iko jirani na kivuko.

Mpangaji anayefuata akili ya kawaida ataanza na njia iliyo rahisi kuliko zote. Atapeleka makasha 40 ya Bondeni kutoka bohari ya Pili kwa shilingi 2,000 kila moja. Makasha 10 yaliyobaki huko atayapeleka Mlimani kwa 4,000. Bohari ya Pili ikiwa imekwisha, makasha 20 ya Mlimani yaliyosalia yatatoka bohari ya Kwanza kwa 6,000, na yote 30 ya Kisiwani yatatoka huko huko kwa 15,000. Jumla ni shilingi 690,000.

Sasa bohari ya Pili ihifadhiwe kwanza kwa ajili ya Kisiwani. Makasha yake 30 yaende kisiwani na 20 yaende Mlimani. Bohari ya Kwanza ihudumie Bondeni kwa makasha 40 na Mlimani kwa makasha 10. Jumla inashuka hadi shilingi 500,000, na hakuna mpango mwingine wa kupeleka moja kwa moja unaoweza kushuka chini ya hapo. Zaidi ya robo ya gharama imeokolewa bila kununua gari jipya wala kupunguza hata kasha moja.

Bondeni, hospitali iliyo karibu zaidi na bohari ya Pili, haipati kitu kutoka bohari hiyo katika mpango bora. Sababu ni kwamba Bondeni inaweza kuhudumiwa na bohari ya Kwanza kwa nyongeza ya shilingi 1,000 tu kwa kasha, ilhali kila kasha la Kisiwani linalolazimishwa kutoka bohari ya Kwanza huongeza shilingi 7,000. Umbali pekee hauamui. Kinachoamua ni hasara ya kukosa njia mbadala. Kwa hiyo kanuni isemayo kwamba kila kituo kihudumiwe na bohari iliyo karibu nacho, na mipaka ya kanda inayochorwa kwa kufuata kanuni hiyo, inastahili kupimwa kwa hesabu badala ya kuachwa ijitetee kwa mazoea.

Mpango bora huo unatumia njia nne tu kati ya sita zilizopo. Hiyo ni sifa ya jumla ya matatizo haya: mpango bora unaweza daima kupatikana kwa njia zisizozidi idadi ya bohari ukijumlisha na ya vituo, ukiondoa moja. Tena, akiba na mahitaji yakiwa namba kamili, jibu nalo linaweza kupatikana kwa namba kamili, hivyo hakuna anayeagizwa kupeleka nusu ya kasha. Kwa halmashauri yenye gari moja na dereva mmoja, sifa hizo mbili zina thamani.

Pale akiba isipotosha

Mpaka hapa hakuna wa kulalamika, kwa kuwa akiba na mahitaji yamelingana. Ugavi wa dawa hauko hivyo kila mwezi. Ichukuliwe kwamba meli imechelewa, na bohari ya Pili ina makasha 30 badala ya 50. Sasa akiba yote ni makasha 80 na mahitaji ni 100.

Vitabu vya fani hii hutoa utaratibu mwepesi. Hubuniwa chanzo cha tatu, bohari bandia yenye makasha 20 yasiyokuwapo, na gharama ya "kuyapeleka" huandikwa sifuri. Hesabu husawazika na jibu hupatikana: Bondeni ipate makasha yake yote 40, Mlimani yake yote 30, na Kisiwani ipate 10 kati ya 30. Gharama ya kusafirisha ni shilingi 340,000, ndogo kuliko zote zinazowezekana.

Upungufu wote wa makasha 20 umeangukia hospitali moja, iliyo mbali kuliko zote. Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Sifuri ikishaandikwa mbele ya bohari bandia, kukosa dawa kunahesabiwa kuwa hakugharimu kitu, na mwenye kufikika kwa gharama kubwa ndiye atakayetengewa ukosefu. Hakuna aliyekaa kikao na kuamua kwamba watu wa kisiwani wasitibiwe. Sifuri ndiyo iliyoamua. Vituo vilivyo ng'ambo ya maji, kama vile vya Ukerewe na Ukara katika Ziwa Victoria, na vile ambavyo barabara zake hukatika wakati wa masika, ndivyo vinavyosimama mahali pa Kisiwani katika mfano huu.

Hatari hii haihitaji kompyuta ili itokee. Mpangaji asiyejua programu ya mstari, lakini aliyeambiwa aokoe mafuta, atafikia uamuzi huo huo kwa kichwa chake: gari liende kwanza kunakofikika, na kilichobaki, kama kitabaki, kivuke maji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Faida ya kuliandika tatizo kwa tarakimu ni kwamba upendeleo uliojificha katika mazoea huonekana kwenye karatasi, na kinachoonekana kinaweza kusahihishwa.

Usahihisho wa kwanza ni kuweka sharti la kiwango cha chini. Iamriwe kwamba akiba isipotosha, kila hospitali ipate asilimia 80 ya mahitaji yake, kwa kuwa makasha 80 kati ya 100 ndiyo yaliyopo. Bondeni itapata 32, Mlimani 24 na Kisiwani 24. Mpango ulio nafuu kuliko yote chini ya sharti hilo unagharimu shilingi 420,000. Tofauti na mpango wa awali ni shilingi 80,000. Hiyo ndiyo bei ya haki katika mfano huu, na uzuri wake ni kwamba inajulikana. Mganga mkuu anayeulizwa kwa nini gari lilivuka kwenda kisiwani ana jibu lenye tarakimu, na anayekataa kulivusha naye atalazimika kusema kwamba alikataa kwa sababu ya shilingi 80,000.

Gharama ya nani inahesabiwa

Usahihisho wa pili unagusa mzizi wa jambo. Katika hesabu hizi zote, gharama iliyoandikwa ni ya mpelekaji: mafuta, posho ya dereva, nauli ya kivuko. Gharama ya mgonjwa haimo. Dawa isipomfikia, mgonjwa ndiye anayeifuata, na safari haikufutwa bali imehamishiwa mfukoni mwake.

Ichukuliwe, kwa mfano ule ule, kwamba kasha moja lina dozi 30, na kwamba mgonjwa anayekosa dozi hulazimika kuifuata kwingine kwa nauli ya shilingi 1,000 akiwa Bondeni, 2,000 akiwa Mlimani, na 5,000 akiwa Kisiwani. Mpango uliookoa shilingi 80,000 za mafuta unawaacha wagonjwa 600 wa Kisiwani wakilipa jumla ya shilingi 3,000,000. Mpango wa asilimia 80 kwa wote unawagharimu wagonjwa wa hospitali zote tatu jumla ya shilingi 1,500,000. Shilingi 80,000 zilizookolewa na idara moja zimelipwa na wananchi kwa shilingi 1,500,000 za ziada. Katika vitabu vya hesabu vya idara, mpango wa kwanza utasifiwa kuwa na tija.

Nauli hizo zikiingizwa ndani ya hesabu badala ya sifuri ya bohari bandia, jibu linageuka kabisa: Kisiwani na Mlimani hupata kila walichohitaji, na upungufu wote wa makasha 20 huangukia Bondeni, ambako mgonjwa anaweza kuipata dawa mahali pengine kwa gharama ndogo. Hata hapo busara inabaki kuwa ya lazima. Kuiacha hospitali moja na nusu tu ya mahitaji yake si jambo la kukubaliwa kwa sababu karatasi imesema, na kwa baadhi ya dawa hakuna nauli inayoweza kuwekwa kama bei ya kukosa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda wa kufuata oksitosini wilaya ya pili. Kwa dawa za namna hiyo kiwango cha chini kinapaswa kuwa mahitaji yote, na hesabu ya nafuu ianzie kwenye yale yanayobaki.

Wataalamu wa afya wana kumbukumbu ya karibu kuhusu jambo hili. Mwaka 1945 mchumi George Stigler alitafuta mlo wa bei ndogo kuliko yote ungeweza kumpa mtu mzima virutubisho tisa vya lazima. Alipata mlo wa dola 39.93 kwa mwaka, uliojaa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu, na miaka miwili baadaye njia ya Dantzig ilithibitisha kwamba alikaribia sana jibu kamili. Hakuna mtaalamu wa lishe ambaye angempa mtu mlo huo mwaka mzima, kwa kuwa ladha, desturi na uchovu wa kula kitu kimoja havikuandikwa katika masharti. Hesabu hutii kilichoandikwa. Kosa likiwapo, limo katika kile ambacho waandishi wake walikisahau.

Zahanati jirani kama bohari

Hatua ya Orden inafungua mlango mwingine. Katika mfano ule wa akiba kamili, ichukuliwe kwamba kuna barabara nzuri kati ya Bondeni na Mlimani, na kuhamisha kasha moja hugharimu shilingi 2,000. Makasha 10 yaliyokuwa yakienda Mlimani moja kwa moja kutoka bohari ya Kwanza kwa shilingi 6,000 sasa yanaweza kushushwa Bondeni kwa 3,000 na kuendelea kwa 2,000. Jumla inashuka kutoka 500,000 hadi 490,000. Faida ni ndogo katika mfano huu, lakini wazo lake ni kubwa: hospitali inayopokea inaweza pia kuwa inayotoa.

Faida halisi huonekana pale mahitaji yanapobadilika baada ya mzigo kufika. Zahanati moja ilitarajia wagonjwa wengi wa malaria na mvua hazikunyesha; dozi za dawa mseto zimekaa kabatini zikikaribia mwisho wa muda wa matumizi. Zahanati ya pili, umbali wa safari moja ya bodaboda, imekwishiwa. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakizungumzia dawa. Baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, akiba ya zahanati ya kwanza itakuwa taka ya kuteketezwa kwa gharama, na wagonjwa wa zahanati ya pili watakuwa wamekwisha kununua kwa fedha zao au kukosa.

Kugawana baina ya vituo kuna pingamizi zake, na si za kubeza. La kwanza ni la hesabu za fedha: kituo kilicholipia dawa kwa makusanyo yake hakina sababu ya kukipa kituo kingine bure. La pili ni la usalama: dawa inayohama bila kumbukumbu hupoteza nyayo zake, na siku toleo fulani likitakiwa kurejeshwa kwa sababu ya kasoro, hakuna atakayejua lilipo. La tatu ni la mnyororo baridi: oksitosini na chanjo nyingi huhitaji nyuzijoto 2 hadi 8, na safari ya bodaboda mchana wa jua inaweza kuharibu kile ilichokusudia kuokoa. La nne ni la tabia: mfawidhi mwangalifu anayenyang'anywa akiba yake kila mara atajifunza kuificha.

Pingamizi zote nne zina majibu, na majibu hayo ni ya kiutaratibu. Kituo kinachotoa kiandikiwe salio katika akaunti yake, lirudishwe kwa dawa katika mzunguko unaofuata. Hati ya uhamisho ibebe namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, nakala ibaki pande zote mbili na kwa mfamasia wa wilaya. Dawa za baridi zihamishwe tu pale kibebeo cha chanjo na barafu yake vipo. Na kila kituo kiwekewe akiba ya tahadhari isiyoguswa, ili ugawanaji uanze juu ya kiwango hicho na kamwe usishuke chini yake. Kuendelea kutegemea kupigiana simu baina ya watu wanaofahamiana kunavinufaisha vituo vyenye wafawidhi wenye marafiki wengi, na urafiki haujawahi kuwa kigezo cha kitabibu.

Damu inaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Chembe nyekundu zilizohifadhiwa katika mchanganyiko wa kawaida wa CPDA-1 kwa nyuzijoto 2 hadi 6 hudumu siku 35. Chembe sahani hudumu takriban siku 5. Akiba ikiwekwa yote katikati, mwenye dharura wa mbali hufa akisubiri. Ikitawanywa yote, hospitali ndogo humwaga chupa zilizopitwa na wakati huku hospitali kubwa ikiomba ndugu wachangie. Rwanda ilijibu swali hili mwaka 2016 kwa kuanza kutumia ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, zinazoruka kutoka kituo cha Muhanga na kudondosha damu hospitalini kwa mwavuli. Kwa lugha ya hesabu, nchi hiyo ilibadilisha tarakimu katika jedwali: kupeleka kidogo, haraka na kutoka katikati kukawa jambo linalowezekana. Nchi isiyo na ndege hizo inabaki na jedwali lake la magari na vivuko, na jedwali hilo nalo lina jibu bora ambalo halijatafutwa.

Tarakimu zinaanzia kwa mtoa dawa

Hesabu nzuri juu ya takwimu mbovu ni mbovu. Safu ya mahitaji, ambayo katika mfano ilikuwa 40, 30 na 30, huanzia katika leja ya zahanati, na hapo makosa mawili hurudiwa mara kwa mara.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kilichotumika ndicho kilichohitajika. Zahanati iliyokuwa na dawa kwa siku 30 tu kati ya 90 na kutumia dozi 60 haikuhitaji dozi 60. Ilikuwa ikitumia dozi 2 kwa siku, na mahitaji yake ya siku 90 ni dozi 180. Ikiagiza kwa kufuata matumizi, itapewa theluthi moja ya inachohitaji, itakwishiwa mapema, na ripoti inayofuata itathibitisha tena kwamba inahitaji kidogo. Upungufu hujizalisha wenyewe. Dawa yake ni kuandika siku ambazo dawa haikuwapo, jambo linalohitaji kalamu na dakika moja.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza: kuagiza maradufu kwa kuhofia kukatwa. Likifanywa na wote, halimsaidii yeyote. Likifanywa na wachache, wanachukua sehemu ya wale waliosema kweli. Mfumo unaokata maombi ya kila kituo kwa kipimo kimoja bila kuangalia leja ndio unaofundisha uongo huo, na hautaponywa kwa mahubiri bali kwa kuwaonyesha wafawidhi kwamba ombi lenye ushahidi hujibiwa.

Hapa ndipo mgonjwa naye anapoingia. Mgonjwa aliyeondoka bila dawa mara nyingi haandikwi popote, kwa kuwa leja huandika kilichotoka na wala si kilichokosekana. Ana haki ya kuuliza maswali mawili dirishani: je, dawa hii haipo hapa tu au haipo wilayani? Na je, jina langu limeandikwa miongoni mwa waliokosa? Kwa mtoa dawa, maswali hayo yasichukuliwe kuwa ubishi. Kila jina linaloandikwa ni tarakimu inayosogeza kasha moja kuelekea zahanati hiyo katika mzunguko ujao.

Yanayopaswa kufanyika

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mtambo wa gharama. Programu za jedwali zilizomo katika kompyuta za ofisi nyingi zina kitatuzi cha matatizo ya namna hii, na wilaya yenye vituo 40 ni tatizo dogo kwake. Kinachohitajika ni maamuzi manne. Waganga wakuu na wafamasia wa wilaya wakae na wapanga magari na kuandika pamoja lengo na masharti. Kiwango cha chini kwa kila kituo kiwekwe kwa maandishi kabla ya upungufu kufika, kwa kuwa siku ya upungufu kila mtu ana sababu. Gharama ya mgonjwa anayekosa iingizwe katika hesabu, hata kama ni kwa makadirio, maana kadirio lolote la kweli ni bora kuliko sifuri. Na kamati za usimamizi wa vituo zioneshwe mpango wa mgawo, ili wananchi wajue walichotengewa na sababu yake.

Vyuo vya afya navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi wa famasia au wa udaktari hujifunza kwa undani dawa inavyosafiri kutoka tumboni hadi kwenye damu, kutoka kwenye damu hadi kwenye ini. Safari ndefu zaidi, ile ya kutoka bandarini hadi mkononi mwa mgonjwa, hupewa vipindi vichache. Dawa iliyokwama katika safari hiyo haina kiwango cha ufyonzwaji wala nguvu ya kutibu, hata ingekuwa bora kuliko zote ulimwenguni. Somo la saa chache, lenye bohari mbili na hospitali tatu ubaoni, lingetosha kumfanya mganga wa kesho aitazame sifuri iliyoandikwa mbele ya kisiwa na kuuliza ni nani aliyeiweka pale.